Diwani Hakanyagi Nje

Haya, mmenisumbua vya kutosha. Tangu shule ifunguliwe kila mmoja wenu ananivuta pembeni kwa wakati wake: Zuhura bombani, Pili nyuma ya vyoo, na Tatu katikati ya kipindi cha Jiografia mpaka nikachapwa mimi. "Mwaju, Diwani alitembea au hakutembea?" Nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza, nawajua. Kwa hiyo nimeandika. Mpeane zamu, msipake mawese, na anayetaka kulia akalie mbali na karatasi zangu.

Kwa ambaye hamjui Diwani, maana najua karatasi hizi zitafika hadi Kidato cha Kwanza, midomo yenu naifahamu: jina lake hasa ni Amisi. Ni mtoto wa mama mdogo Riziki, anayemfuata mama yangu kuzaliwa. Usiku ule wa kukimbia vita kule ng'ambo ya ziwa watu walijazana ufukweni, na boti zikawa mbili. Bibi, mama yao, alikuwa na Amisi mgongoni. Akasukumwa kwenye boti ya mbele. Mama mdogo alikuwa nyuma yake na sufuria kichwani, akasukumwa kwenye ya pili. Asubuhi Bibi akashuka Kigoma na mtoto ambaye hajaanza hata kusimama. Boti ya pili haikuonekana.

Bibi akaletwa kwetu Ujiji, na tangu siku hiyo akawa na sheria moja: mtoto hakanyagi nje. Uani, sawa, akimbize kuku mpaka kuku waombe uhamisho. Lakini ukivuka kizingiti ni mgongoni, na kitenge kinafungwa mafundo mawili. "Inje mutoto anapotea," ndivyo anavyosema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. Matokeo mmeyaona. Mtoto amekua, mdomo umejaa meno, anakula ugali wa muhogo kama kibarua wa bandarini, lakini ukimfikisha mlangoni anainua mikono: "Beba!" Na akishabebwa anapungia kila mtu, kama mgombea aliyesimama juu ya pikapu. Ndiyo mkampa udiwani.

Kisha Mama Tabu, yule anayemletea mama dagaa, akaja na habari. Alikuwa amekwenda kununua mzigo Mwamgongo, huko kaskazini kupita Gombe, akamkuta mwanamke anayeishi kwa familia ya mvuvi. Anaitwa Riziki. Anaulizia mama yake na mwanawe kwa kila boti inayotia nanga. Sisi muda wote tulikuwa tunaulizia kambini kwa wakimbizi! Bibi aliposikia alikaa chini pale pale aliposimama, juu ya ungo wa mchele.

Lakini habari ilikuwa na mkia. Mguu wa mama mdogo ulivunjika usiku ule wa kuvuka, ukaunga vibaya. Anatembelea magongo. Ujumbe wake, kama Mama Tabu alivyoubeba, ulikuwa huu: "Mwambieni mama kwamba siwezi kubeba mtoto. Kama anatembea, mleteni. Kama bado ni wa mgongoni abaki huko huko, nitamtamani kutoka huku."

Mama ana mimba kubwa, boti amekatazwa. Bibi tangu ashuke ile boti hajakaribia ziwa hata kunawa miguu. Nikabaki mimi na likizo yangu. Nanyi, badala ya kunitakia safari njema, mkaniwekea dau: Diwani asipofika kwa miguu yake, nawachotea maji muhula mzima, akifika kwa miguu, mnanichotea mimi. Marafiki gani nyinyi.

Mlangoni mpaka Buzebazeba

Bibi mwenyewe alimfunga Amisi mgongoni mwangu. Akavuta fundo, akalivuta tena, akanipa kifurushi cha ugali na samaki, mgebuka wa kukaanga, kisha akasimama kwenye kizingiti. Hakulia. Alisema tu, "Usimuweke chini."

"Bibi, si mama mdogo amesema atembee?"

"Akifika, atatembea. Njiani hapana. Njia ni ya watu wengi."

"Sawa, Bibi."

Nilikunja kona ya fundi cherehani nikamshusha. Hesabu zangu zilikuwa nyepesi: kwenye mafundo ya Bibi hatembei, lakini akiwa na mtu mwenye akili ya kisasa atatembea. Diwani akaangalia mchanga. Akaniangalia mimi. Akakaa chini kama gunia la chumvi na kufungua mdomo.

Nilijaribu biskuti. Alinyoosha mkono, biskuti ikawa mbali, akarudisha mkono akaendelea kulia bila biskuti. Nilijificha nyuma ya ukuta nikidhani ataogopa anifuate. Hakunifuata, alimwinulia mikono mama mmoja mpita njia na mama wa watu akamwinua! Nikatoka mbio kumdai. Nikajaribu mchakamchaka: nikakimbia peke yangu barabarani napiga makofi na kuimba kwa sauti ya kiranja. Walionifuata ni mbwa wawili na mwendawazimu wa sokoni.

Kwenye kigenge cha vitumbua wanawake walikuwa wamenisubiri na maneno yao tayari.

"We binti, mtoto wako analia!"

"Shikamooni. Si wangu."

"Si wako? Umemtoa wapi?"

Hapo ndipo nikaona shimo. Nikisema wangu, mimi mwanafunzi nina mtoto. Nikisema si wangu, mimi mwizi wa watoto. Nikasema, "Ni mdogo wangu," na wote wakaitikia kwa pamoja, "Aaah, mdogo wako!" wakakonyezana. Kumbe hilo ndilo jibu la kila msichana aliyezaa akiwa shuleni. Kama kuna habari zangu mlizisikia Ujiji wakati wa likizo, sasa mnajua zilipikwa kwenye mafuta gani.

Aliyeniokoa, au kunimaliza, ni mzee mmoja wa kanzu aliyekuwa anakokota baiskeli. Hata salamu yangu hakuisubiri iishe. Alimwinua Diwani akamkalisha kwenye keria, akaanza kukokota na kuhubiri.

"Enzi zetu mtoto hashuki mgongoni mpaka ajue kusema asante. Nyinyi wa siku hizi mnazaa, mnaona tabu kubeba."

"Mzee, mimi sija—"

"Ukizaa, ubebe."

"Mzee, huyu ni—"

"Ubebe!"

Ndivyo tulivyoingia Buzebazeba: mzee anahubiri, mimi nyuma na kifurushi, na mbele Diwani juu ya keria anapungia wananchi kushoto na kulia. Wengine walimjibu. Mwenye duka mmoja alivua kofia.

Buzebazeba mpaka Gungu

Mzee alipokata kona kwenda kwake nilimfunga Diwani mgongoni. Jua lilikuwa limeshachacha. Siwezi kudanganya, nilikuwa nimeshindwa. Nilihesabu kwamba nitambeba mpaka botini, nitambeba kutoka botini, na mama mdogo atatazama magongo yake na kusema rudi naye.

Na hapa mkicheka mcheke kidogo. Amisi akiwa mgongoni ana tabia ya kulaza shavu moja na kuchora kwa kidole uti wa mgongo wako, kutoka shingoni kushuka, polepole, kama anatafuta herufi. Hufanya hivyo kila akikaribia kulala. Nilikuwa natembea hivyo, jasho linanitiririka, kidole kinachora, nikajisikia nawaza: asitembee tu. Afike anabebwa, nirudi naye Ujiji, maji nitawachotea, maji ni kitu gani. Nusu yangu ilikuwa inampeleka kwa mama yake na nusu ilikuwa inamrudisha nyumbani, na miguu ilikuwa ya zote mbili.

Malori ya kwenda kambini yalitupita, yamejaa watu, magodoro na ndoo. Watoto walikuwa wamekaa juu kabisa ya mizigo. Diwani aliamka kwa ajili yao tu, akapunga. Wakapunga wote, mpaka vumbi likawafunika. Hata lilipotua aliendelea kupungia barabara tupu. Ilibidi niushike mkono wake niushushe.

Gungu, mihogo

Gungu tulikaa kando ya barabara kwa mama mmoja wa Kiha anayeuza mihogo ya kuchemsha. "Mwakeye," akasema, ingawa asubuhi ilishapita zamani. Nadhani aliona sura yangu akaamua niianze siku upya. Nikanunua muhogo, tukaula na mgebuka wa Bibi. Nikamwambia nawahi boti ya Kibirizi.

"Ya leo? Ile unaisikia inavyolia?" Nikasikiliza. Kwa mbali, chini ziwani, tukutuku. "Ndiyo hiyo inaondoka."

Nikarudi kuumega muhogo uliobaki.

Mama huyo alikuwa na binti mdogo, umri wa kupoteza meno ya mbele. Alikuwa amejifunga gunzi la hindi mgongoni kwa kitambaa, anazunguka rundo la mihogo akilibembeleza. Watoto wote wa kike hufanya hivyo, mimi mwenyewe nilibeba chupa ya soda mpaka ikavunjika. Lakini Diwani aliacha kutafuna. Alimfuata yule mtoto kwa macho, kila alivyokwenda na kurudi. Kisha akaninyooshea kidole mgongoni mwake mwenyewe.

"Beba," akasema.

"Nimekubeba tangu asubuhi, bwana mkubwa."

"Beba!" Akajipiga mgongo. Hakuwa ananiinulia mikono. Mikono ilikuwa nyuma.

Nilichana ukingo wa kitenge cha Bibi. Nikaokota muhogo mbichi, mnene, wenye kichwa kama cha mtu aliyekasirika, nikamfungia. Mafundo mawili. Diwani akainama mbele kidogo, akapeleka mkono mmoja nyuma kuushika muhogo matako, akaguna, "Yoo, mgongo wangu!" Akainuka.

Akaenda.

Jamani, alikwenda. Nje. Barabarani. Lakini si mwendo wa mtoto! Bibi ana nyonga mbovu ya kushoto, mnajua anavyotembea: hatua moja nzima, moja ya kuvuta, na kila baada ya kipande anasimama, anashika kiuno, anaangalia mbele kama anamdai mtu. Ndivyo hivyo hivyo. Mwendo wa nje anaoujua ni huo tu, maana mgongoni pale alikuwa anaisikia kila hatua. Kwa hesabu zake, dunia ya nje ina watu wa aina mbili, wanaobeba na wanaobebwa. Sasa naye alikuwa na wa kubeba.

"Umwana wa kiume na muhogo mgongoni!" yule mama alicheka hadi akashika rundo lake. "Mpeleke, mpeleke kabla hajakumbuka!"

Nikabeba kifurushi na kuondoka nyuma yake. Tulishuka Kibirizi kwa mwendo wa ajuza. Vijana wa baiskeli walimzomea: "Mama Muhogo! Shikamoo, Mama Muhogo!" Diwani alisimama, akashika kiuno, akawaangalia kama anawadai. Wakanyamaza. Sijui niwaelezeje, walinyamaza kweli.

Mama Tabu, tuliyepanga kusafiri naye, tulimkuta ufukweni ameshika tama. Aliponiona alianza kunigombeza kuhusu boti, halafu akamwona aliyetangulia. Sentensi yake ikabaki nusu. Tulilala kwa shemeji yake, tukala ugali na sombe ya majani ya muhogo, na Diwani alilala na muhogo wake amemfunika shuka. Mimi nilibaki bila shuka.

Majini

Boti ya kesho yake ilisubiri injini, kisha ikasubiri mwenye injini, kisha ikasubiri mwenye mbuzi. Tungejua tusingemsubiri huyo wa mwisho. Tulikaa juu ya magunia ya unga na kreti za soda, Mama Tabu akiwa kati yetu na maji kwa sababu haniamini.

Tulipokuwa tunapita Gombe, nyani walikuwa wameshuka ufukweni. Mmoja alikuwa na mwanawe mgongoni. Mtoto wa nyani akaruka chini, akakimbia mwenyewe juu ya mawe. Diwani aliangalia kwa uso wa mtu asiyependezwa na malezi hayo. Akaushika muhogo wake vizuri zaidi.

Ndipo mbuzi akafanya alichofanya. Diwani alikuwa amesinzia, kichwa magotini kwangu, mgongo wazi. Nilisikia *kra*. Nilipogeuka, kichwa cha muhogo kilikuwa kinasagwa mdomoni mwa mbuzi, ndevu zinachezacheza, na mgongoni mwa Diwani kumebaki nusu.

Aliamka, akapeleka mkono nyuma kama kawaida yake. Mkono ukatafuta. Sijawahi kusikia mtoto akilia vile. Hata injini ilionekana ndogo.

Boti nzima ikacheka. Nami nilicheka, bila hivyo nisingekuwa mimi. Kijana mmoja akainuka kwa heshima, akavua kofia, akatoa mkono: "Pole na msiba, mzee. Mazishi lini?" Wakacheka tena. Halafu kicheko kikaanza kupungua upande mmoja, kule mbele walikokaa wanawake waliosema Kiswahili kama cha Bibi. Mmoja alikuwa na kitenge cha kubebea, kimefungwa vizuri kifuani, na nyuma hakikuwa na kitu. Alikuwa anamtazama Diwani na hakucheka hata mara moja. Kijana akavaa kofia yake akakaa. Ikawa injini tu na yule mtoto.

Mwenye mbuzi, maskini, alifungua kikapu akatoa muhogo mzima, mzuri kuliko wa kwanza. "Chukua, mwanangu. Samahani kwa huyu shetani."

Diwani aliusukuma.

"Mkubwa huu! Tazama!"

Aliusukuma tena. Akanyoosha kidole nyuma, kwenye ile nusu. Nikaifungua, nikaifuta mate ya mbuzi kwa gauni langu. Alitaka hiyo. Nikamfungia tena, kipande kimeliwa hadi mabegani, naye akakipigapiga taratibu mpaka yeye mwenyewe akanyamaza. Yule mwanamke mwenye kitenge kitupu akajikunja, akauinamisha uso kwenye magoti.

Mama Tabu akajifuta macho. Kisha akasema, "Upepo umeanza," na haukuwa umeanza.

Mwamgongo

Boti za huko hazina gati. Zinapanda pua mchangani, na vijana wanakushusha mabegani. Niliwaomba wamshushe Diwani kwanza na wamweke chini. Ile nusu ya kumrudisha nyumbani ilikuwa bado imo. Nilikuwa naweza kumpokea mimi, nikamtupa mgongoni, basi. Hakuna ambaye angejua.

Ufukwe wote ulikuwa umeanikwa dagaa, mweupe unameremeta, na katikati wameacha kijia cha kupita mtu mmoja. Mwisho wa kijia alikuwa amesimama mwanamke mwembamba, magongo mawili yamezama mchangani. Hakuweza kushuka. Alikuwa ameegemea mbele mpaka nikadhani ataanguka juu ya dagaa za watu.

Diwani aliangalia mchanga. Aliangalia dagaa. Akainua mkono mmoja kidogo, nikadhani unakuja kwangu: beba. Ulikwenda nyuma, ukaushika muhogo. "Yoo, mgongo wangu," akasema, akaanza kupanda.

Hatua nzima, hatua ya kuvuta. Anasimama, anashika kiuno. Hatua nzima, hatua ya kuvuta.

Nilikuwa nyuma yake, kwa hiyo nilimwona mama mdogo usoni. Furaha ilikuwepo, halafu ikakatika. Mkono ukaenda mdomoni.

"Naye mguu?" akapiga kelele. "Mwaju! Naye mguu? Hamkuniambia! Nani alimvunja?"

"Hapana, mama mdogo! Mzima!"

"Anachechemea!"

"Anamwiga Bibi! Hivyo ndivyo anavyojua kutembea nje, kama Bibi!"

Diwani alikuwa amesimama tena, ameshika kiuno, anaangalia mbele kama anamdai mtu. Na yule anayedaiwa akaanza kucheka, kicheko cha ajabu, machozi yanafika kidevuni.

"Ni mama," akasema, si kwangu. "Angalia, ni mama anakuja."

Kumbukeni hajamwona mama yake tangu boti zile mbili. Alikuwa anasubiri mtoto mmoja, na juu ya kijia kile walikuwa wanakuja wote wawili.

Diwani alifika mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, maana ni mtu asiyemjua. Lakini mnajua mtu mwenye mzigo akifika nyumbani kwa watu anavyofanya. Hasemi maneno. Anageuka tu, anampa mwenyeji mgongo apokewe. Bibi hufanya hivyo kila wakirudi, na mama humpokea Amisi kwa nyuma. Basi Diwani akageuka, akampa mama mdogo mgongo na kusubiri.

Mama mdogo aliachia magongo yote mawili. Akakaa mchangani kishindo kimoja. Mikono yake ilihangaika sana na yale mafundo.

"Karibu," akawa anasema. "Umechoka. Nipe, nikupokee. Karibu."

Akaipokea ile nusu ya muhogo kwa mikono miwili.

Kurudi

Nilikaa mpaka likizo ilipokaribia kwisha. Nitawaruka mengi: nilivyoanguka kisimani, nilivyofundishwa kuanika dagaa na kufukuzwa kazi hiyo siku hiyo hiyo. Diwani alitembea kila mahali. Alimfuata mama yake visimani na kwa majirani, magongo mbele, muhogo nyuma, na watu wa pale walizoea. Muhogo ulianza kunuka. Mama mdogo aliufukia nyuma ya nyumba, akapanda kijiti cha muhogo juu yake, na mgongoni mwa mtoto akaweka kipande cha mti. Diwani alikubali baada ya kuoneshwa palipopandwa.

Siku ya kuondoka walinisindikiza hadi ufukweni. Mama mdogo alinipa furushi la dagaa la kumpelekea Bibi. Nilikuwa nimelishika mkononi, na kitenge kiko begani. Diwani alikiona kitenge. Alikiona, akaniona mimi, akaona boti. Akaja mbele yangu na kuinua mikono yote miwili.

"Beba."

Mama mdogo aliangalia ziwa. Nadhani kama ningembeba nikaingia naye botini asingenizuia, na ndiyo maana sikuweza.

Niliweka furushi la dagaa mgongoni, nikalifunga kwa kitenge, mafundo mawili, nikamgeukia nyuma aone. Pamejaa. Pana mtu.

Alipaangalia. Anazijua sheria hizi kuliko mimi, ni zake. Akashusha mkono mmoja, kisha wa pili. Ule wa pili akaupeleka nyuma kushika kipande chake cha mti. Boti ilipoondoka alikuwa kwenye kijia cha dagaa anapanda kurudi, hatua nzima, hatua ya kuvuta. Diwani wa watu hakunipungia hata mkono. Mikono ilikuwa na kazi.

Njiani nilipita Gungu, nikapita Buzebazeba. Yule mzee wa baiskeli alinikuta nimebeba dagaa mgongoni kwa kitenge, akanitazama mbele, akanitazama nyuma, akasema, "Mtoto yuko wapi?" Nilimwamkia tu nikapita. Ningeweza kulifungua furushi nikalibeba kichwani kama watu. Sikutaka.

Bibi alikuwa kizingitini. Kabla sijasema hodi alikuwa ameshakuja nyuma yangu kwa ile nyonga yake, mikono imekinga chini ya mzigo, pale pale yanapokaaga makalio ya Amisi.

"Bibi, ni dagaa."

"Najua ni dagaa." Mikono haikutoka. "Alikanyaga inje?"

"Alikanyaga."

"Si nilikuambia usimuweke chini?"

"Sikumweka, Bibi. Alishuka na mzigo wake."

Akapokea dagaa, akakaa, akaninusa kitenge begani, akaona kimechanika, hakuuliza. Mama alitoka jikoni na mwiko. Nikawasimulia wote wawili hadi kwenye kijia. Kisha Bibi akasema, "Anatembea namna gani? Nionyeshe."

Nikachukua muhogo jikoni, nikajifunga, nikavuka ua: hatua nzima, hatua ya kuvuta, nasimama, nashika kiuno, naangalia mbele. Mama aliweka mwiko mdomoni akakimbilia jikoni kucheka.

Bibi hakucheka. Alikuwa amekunja uso. "Huyo mutoto anatembea mubaya," akasema. "Kama mzee! Nani amemufundisha vile?"

Nilisimama pale na muhogo mgongoni nikamwangalia.

"Sijui, Bibi."

Akafikiri. Akakunjua mguu mbovu, akausugua.

"Rudia," akasema.

Kwa hiyo ndoo zenu mniletee nyumbani, nazisubiri, dau ni dau. Lakini msije jioni. Jioni Bibi anatoa kigoda chake mpaka kwenye kizingiti na kuniita nijifunge muhogo. Nakwenda mpaka kwenye lango, nageuka, narudi kwake polepole. Nikifika nampa mgongo.